Cheti Kiseme Pia Babu Alikufa na Nini

Hotuba kwa wafugaji wa mbwa, Arusha

Wazee wangu, shikamooni. Madaktari wenzangu, wafugaji, na ninyi mliokuja kwa kuwa mnataka tu kununua mtoto wa mbwa asiyewafia mikononi, habari za asubuhi.

Mwenyekiti ameniomba nizungumzie afya ya mbwa wa nasaba, yaani hawa wenye vyeti. Najua wengi humu ndani mnafuga jemani shepadi, wachache rotwaila, na nimeona mama mmoja pale nyuma amekuja na buldogi wake, ambaye tutamfikia. Lakini mniwie radhi, nitaanza na mbwa ambaye sidhani kama kuna mtu hapa anamfuga. Nitaanzia Kongo.

Katika msitu wa Ituri na upande wa Uele, karibu na mpaka wa Sudan Kusini, kuna mbwa wa kuwindia ambaye Wazungu walimpa jina la basenji. Ni mdogo, mwepesi, masikio wima, mkia umejikunja juu ya mgongo na paji la uso limejaa makunyanzi. Habweki kama mbwa wetu. Ana sauti yake ya kooni inayopanda na kushuka. Wawindaji humfunga kengele ya mti shingoni ili wajue yuko wapi anapokurupusha wanyama kuelekea kwenye nyavu. Jike wa basenji kwa kawaida hupata joto, yaani huwa tayari kupandishwa, mara 1 kwa mwaka, wakati majike wenu hupata karibu mara 2. Hakuna aliyemwandikia cheti. Mbwa aliyeshindwa kuwinda hakulishwa, na asiyelishwa hakuacha watoto. Uchaguzi ulikuwa huo, na ulikuwa mkali.

Waingereza walimpenda walipomwona. Mwaka 1895 alionyeshwa kwenye maonyesho ya Crufts kule London, lakini hakuacha kizazi. Mwaka 1923 Lady Helen Nutting akasafirisha mbwa 6 kutoka Sudan. Wote wakafa karantini baada ya kuchomwa chanjo ya distempa ya wakati ule. Ilikuwa mpaka miaka ya 1930, alipofika Bi Olivia Burn na mbwa wake kutoka Kongo, ndipo kizazi kikasimama Uingereza, na mwaka 1937 watu wakajazana Crufts kumtazama mbwa asiyebweka. Miaka ya 1940 Wamarekani nao wakamsajili.

Hapo ndipo nataka mnisikilize kwa makini. Mbwa walioanzisha kizazi chote cha Ulaya na Marekani walikuwa wachache wa kuhesabika. Wengine walikufa njiani, wengine hawakuzaa, na waliozaa walipandishwa wao kwa wao, kisha watoto wao kwa wao. Mwaka 1959 Bi Veronica Tudor-Williams alisafiri mpaka kusini mwa Sudan akarudi na jike mmoja mwekundu aliyemwita Fula. Jike huyo mmoja damu yake imesambaa kiasi kwamba leo ni kazi kumpata basenji wa Magharibi ambaye Fula hayumo kwenye ukoo wake. Jike mmoja tu! Na alisifiwa kwa haki, maana alileta damu mpya pale ilipohitajika. Ila hebu jiulizeni: kama Fula angekuwa amebeba kitu kibaya kisichoonekana, kingefika wapi?

Baada ya hapo mlango ukafungwa. Kitabu cha nasaba ndivyo kilivyo: mbwa anayeandikwa ni yule tu ambaye baba na mama yake wameandikwa tayari. Utaratibu huu ulianza na Waingereza, chama chao cha Kennel Club kilichoundwa mwaka 1873, na dunia nzima ikauiga. Una faida zake. Unajua unachonunua, na unajua mtoto atakuwa na umbo gani na tabia gani. Lakini kitabu kilichofungwa kina hesabu moja tu, nayo ni kutoa. Kila dume asiyepandisha, kila jike aliyekufa na ujauzito, kila uzao uliouzwa kwa watu wasiotaka kuzalisha, ni kitu kimetoka na hakirudi. Hakuna kinachoingia.

Miaka ya 1960 na 1970 basenji wakaanza kufa wakiwa wadogo kwa upungufu wa damu. Chembe nyekundu zao zilikuwa zinavunjika kabla ya wakati, kwa sababu ya kasoro katika kimeng'enya kimoja. Ugonjwa huu hurithiwa kwa namna ambayo Watanzania wengi tunaijua kwa uchungu, maana ndivyo selimundu inavyorithiwa: mtoto anaugua akipata nakala mbovu ya jeni kutoka kwa baba na nyingine kutoka kwa mama. Mwenye nakala moja tu ni mzima kabisa, anakimbia, anashinda medali, lakini amebeba. Ukipandisha mbeba kwa mbeba, tarajia robo ya watoto wawe wagonjwa, nusu wabeba, robo safi. Ukipandisha mbeba kwa aliye safi, hapatikani mgonjwa hata mmoja.

Wanasayansi wakapata kipimo cha damu kilichoweza kumtambua mbeba. Ni habari njema, na wafugaji wakakipokea kwa mikono miwili. Tena wakakipokea kwa bidii kupita kiasi. Waliondoa wagonjwa, wakaondoa na wabeba wote, dume na jike, wazuri na wabaya, kwa mkupuo. Ugonjwa wa damu ukapungua upesi sana. Lakini kizazi ambacho tayari kilikuwa chembamba kikawa chembamba zaidi, na wale waliobaki wakiitwa safi ndio wakazaa karibu kila mtu. Usafi wao ulikuwa wa ugonjwa mmoja uliopimwa. Hakuna aliyewapima ule ambao kipimo chake kilikuwa hakijapatikana.

Ugonjwa huo wa pili unaitwa Fanconi, na ni wa figo. Figo kazi yake ni kuchuja damu, kisha kurudisha mwilini vile vyenye faida: sukari, chumvichumvi, vijenzi vya protini. Kwa mbwa mwenye Fanconi zile njia za kurudishia hazifanyi kazi, vyote vinatoka na mkojo. Mbwa anakunywa maji mengi, anakojoa sana, anakonda huku anakula. Daktari akipima mkojo anakuta sukari na kusema ni kisukari. Akipima damu, sukari ni ya kawaida. Madaktari wengi waliwachoma insulini mbwa hao, na wengine wakafa nayo.

Vitabu vyetu vya tiba vinasema kwamba kule Amerika Kaskazini kati ya asilimia 10 na 30 ya basenji walikuwa na ugonjwa huo. Chukueni ile ya chini kabisa. Ikiwa mbwa 1 katika kila 10 ni mgonjwa, hesabu ya urithi inatuambia kwamba zaidi ya 4 wengine katika hao 10 wamebeba nakala moja. Maana yake, ukiwaondoa wagonjwa na wabeba kwa pamoja kama walivyofanya mwanzo, umetupa nusu ya mbwa wote walio hai. Ungeua ugonjwa mmoja na kufungua mlango kwa wa tatu na wa nne.

Na kuna ubaya zaidi. Fanconi haianzi utotoni. Mara nyingi hujitokeza mbwa akiwa na miaka 4 mpaka 7. Dume mwenye miaka 5 tayari ni babu. Watoto wake wameuzwa, wajukuu wake wameuzwa, medali zake ziko ukutani, na cheti chake kimenakiliwa nyumba ishirini. Mfugaji mwema kabisa, asiye na tamaa wala hila, alikuwa anasambaza ugonjwa bila kujua. Ndiyo maana mtu akiniambia, "Daktari, dume wangu ni mzima, anaruka ukuta," huwa namjibu kwamba nimefurahi kusikia, lakini sijaulizia ukuta. Nauliza baba yake yuko wapi, ana miaka mingapi, na kama amekufa, alikufa na nini. Hapo wengi hunyamaza. Wana majina ya mababu mpaka kizazi cha 5, na vifo hakuna hata kimoja.

Basi walifanya nini?

Kwanza, walisema. Hili mnaweza kuliona dogo, lakini kwa mfugaji kusimama hadharani na kutamka kwamba mbwa aliyemzalisha anaumwa ni jambo zito, maana kesho wateja watakimbilia kwa jirani aliyenyamaza. Wafugaji wa basenji wa Marekani walikubaliana kuandika. Wakaanza kupima mkojo wa mbwa wao kila mwezi kwa vile vijiti vya karatasi vya kupimia sukari, vinavyouzwa duka lolote la dawa, na mbwa akigundulika mapema anatibiwa. Mtaalamu mmoja kule Georgia, Marekani, Steve Gonto, aliyekuwa mpenzi wa mbwa hawa, alitunga utaratibu wa kurudisha mwilini kile figo inachokipoteza, hasa baikaboneti, na wengi wa mbwa waliotibiwa hivyo waliishi umri wa kuridhisha. Nasisitiza hili kwa sababu kuna watu wanadhani kuzalisha kwa busara ni kuua wagonjwa. Mgonjwa anatibiwa na anapendwa, hapandishwi tu.

Pili, walichanga pesa na kutuma damu maabara. Chuo Kikuu cha Missouri, chini ya Dkt. Gary Johnson, walikusanya sampuli za wagonjwa na wazima wa ukoo mmoja miaka na miaka. Mwaka 2007 kikatoka kipimo cha kwanza, kilichokuwa kinakisia kwa kutazama alama zilizo jirani na jeni yenyewe. Mwaka 2011 wakaipata kasoro yenyewe, na tangu hapo jibu limekuwa la uhakika: safi, mbeba au mgonjwa mtarajiwa, kabla hata hajafungua macho. Kumbukeni kwamba kipimo hicho kisingewezekana bila wale waliokubali kusema mbwa wao wameugua. Sampuli ya mgonjwa aliyefichwa haimsaidii mtu.

Safari hii walikuwa wamejifunza. Hawakuwatupa wabeba. Mbeba mzuri, mwenye macho mazuri, nyonga nzuri na tabia njema, alipandishwa kwa mwenza aliye safi, kisha kwenye uzao wake wakachaguliwa walio safi ili kuendelea nao. Ugonjwa unapungua kizazi kwa kizazi, na damu haipotei. Inahitaji subira, na subira ndiyo bidhaa adimu kuliko zote katika biashara yetu hii.

Tatu, na hapa ndipo ninapofurahi kila ninaposimulia, walirudi Kongo. Wakati huo ikiitwa Zaire. Mwaka 1987 Wamarekani wawili, Jon Curby na Michael Work, walikwenda kuwatafuta mbwa wa vijijini, na mwaka uliofuata Curby akarudi na Damara Bolte na Stan Carter. Walizunguka Uele, nchi ya Wazande, kijiji kwa kijiji, wakinunua mbwa kwa wawindaji. Mbwa wasio na cheti, wasio na jina kwenye kitabu chochote, wengine wenye rangi ya milia ambayo wazee wa chama kule Marekani hawakuwa wameizoea. Mnaweza kukisia maneno yaliyosemwa. Kwamba ni mbwa koko. Kwamba wataharibu mbegu. Hata hivyo wanachama walipiga kura, wakaomba, na mwaka 1990 chama cha American Kennel Club kikafungua kitabu na kuandika mbwa 14 wapya. Kikafunguliwa tena kuanzia Januari 2009 mpaka mwisho wa 2013 kwa mbwa wengine waliochunguzwa mmoja mmoja.

Kwa hiyo mbwa wa kijijini Kongo, ambaye mtu wa mjini angemfukuza kwa jiwe, ndiye aliyeitwa kwenda kuokoa ukoo wa mbwa wa mabingwa. Sisemi mbwa wetu wa mitaani ni wazima kuliko hao mnaowafuga. Nawatibu, nawajua: wanakufa kwa distempa, kwa parvo, kwa njaa, kwa magari, na kichaa cha mbwa bado ni balaa vijijini kwetu. Lakini utajiri wa jeni wanao, na wafugaji wa basenji walikuwa na akili ya kuutambua kabla haujaisha.

Sasa turudi nyumbani.

Jemani shepadi wenu wana historia inayofanana kuliko mnavyodhani. Aprili 1899, kwenye maonyesho ya mbwa mjini Karlsruhe, kapteni mstaafu wa wapanda farasi, Max von Stephanitz, alimwona mbwa wa kuchunga kondoo, akamnunua, akambadilisha jina akamwita Horand von Grafrath. Mwezi huohuo akaanzisha chama, na Horand akawa wa kwanza kitabuni. Alipandishwa sana, na watoto wake wakapandishwa wao kwa wao. Kila jemani shepadi aliyelala kwenye banda lako leo anarudi kwake. Sifa moja ya von Stephanitz ni kwamba alitaka mbwa wa kazi. Aliamini mbwa asiyeweza kuchunga hana haki ya kusifiwa kwa uzuri. Wajukuu wa wanachama wake ndio walioanza kupenda mgongo ulioinama na miguu ya nyuma iliyonyooshwa mbali.

Ugonjwa mnaokutana nao zaidi ni wa nyonga. Kichwa cha mfupa wa paja hakikai sawasawa kwenye kikombe chake, kinacheza, gegedu linasagika, mbwa anapata yabisi angali kijana. Mnaletewa mbwa wa miezi 8 anayeinuka kwa shida asubuhi, anayekimbia kwa kuruka miguu miwili ya nyuma kwa pamoja kama sungura. Hii si kama Fanconi. Haitokani na jeni moja, zimo nyingi, na malezi nayo yanachangia: kumlisha mtoto wa mbwa mpaka anenepe, kumkimbiza kwenye marumaru yanayoteleza, kumwongezea kalsiamu bila ushauri kwa sababu jirani kasema inakuza mifupa. Acheni hiyo kalsiamu, nawasihi.

Kwa kuwa jeni ni nyingi, hakuna kipimo cha mate kitakachokupa jibu la nyonga. Kuna picha ya eksirei. Chama cha Wajerumani kilianza kuweka alama ya nyonga kwenye vyeti mwaka 1966, na mwaka huohuo Wamarekani wakaanzisha taasisi yao ya kusoma picha hizo. Wajerumani hupiga mbwa akishatimiza mwaka 1. Wamarekani husubiri miaka 2 kabla ya kutoa jibu la mwisho. Mimi nawashauri msubiri. Mbwa anapewa dawa ya usingizi, analazwa chali, miguu inanyooshwa sawasawa. Picha iliyopigwa mbwa akiwa macho, amejikunja na mtu kamshikilia kwa nguvu, haifai kusomwa, hata kama imegongwa muhuri. Kule Morogoro chuoni Sokoine, na Kabete kwa majirani zetu wa Nairobi, wapo wataalamu wanaoweza kuisoma vizuri.

Nasikia minong'ono. Ndiyo, ni gharama. Lakini fanyeni hesabu kwa uaminifu. Mnaagiza dume kutoka Ulaya au Afrika Kusini, mnalipa nauli ya ndege, mnalipa karantini na vibali, halafu picha moja ya nyonga ndiyo inayowafilisi? Bei ya mtoto mmoja wa uzao mmoja mara nyingi inatosha kumpiga picha mama yake na ikabaki. Na unapomwagiza huyo dume, usiridhike na cheti chake peke yake. Ulizia nyonga za ndugu zake wa tumbo moja. Dume mwenye nyonga nzuri katika uzao ambao wengine wote ni viwete atakuletea viwete.

Kuna ugonjwa mwingine wa shepadi unaoanza uzeeni, kwa kawaida baada ya miaka 8. Miguu ya nyuma inaanza kuburuta, kucha zinasagika kwenye sakafu, hakuna maumivu, halafu inakufa kabisa. Ni uti wa mgongo unaooza taratibu. Kasoro ya jeni inayohusika iligunduliwa mwaka 2009, na kipimo chake ni kipande cha pamba unachosugua ndani ya shavu na kukituma kwa barua. Lakini angalieni: mbwa mwenye nakala mbili mbovu yuko hatarini, hajahukumiwa, wapo wanaozeeka wakiwa wima. Kwa hiyo tumieni jibu kama walivyofanya wa basenji katika safari yao ya pili, kupangia ndoa. Msilitumie kufagia banda.

Kuhusu ndoa zenyewe, nitasema waziwazi kwa kuwa nimewahi kuletewa watoto wa ndoa hizo. Msimpandishe baba kwa binti yake. Wala kaka kwa dada, hata kama wote ni mabingwa. Ukipandisha baba kwa binti, kila jozi ya jeni za mtoto ina uwezekano wa asilimia 25 kwamba nakala zote mbili ni za jeni moja ileile ya huyo baba, ambaye kwa mtoto ni babu pia. Chochote kilichojificha kwa babu huyo kinapata nafasi ya kutoka. Uingereza Kennel Club iliacha kuwaandika watoto wa ndoa za namna hiyo tangu Machi 2009. Sisi bado kuna watu wanaitangaza kama sifa, "damu iliyokolea". Damu iliyokolea nini?

Vilevile tupunguze kumkimbilia dume mmoja. Najua mji huu: akitokea dume aliyeshinda Nairobi, basi mwaka huo kila jike wa Arusha na Moshi anapelekwa kwake. Mwenye dume anafurahi, ada ya kupandisha inaingia. Miaka 6 baadaye watoto wote wa mji ni ndugu kwa baba, na hamna pa kwenda isipokuwa kuagiza tena. Mwenye dume anaweza kusema imetosha. Ni mfuko wake, lakini ni mji wetu.

Jike naye si mashine. Asipandishwe joto la kwanza. Uingereza hawaandiki zaidi ya uzao 4 kwa jike mmoja maisha yake yote, na mimi sioni kwa nini jike wa Arusha azae zaidi. Watoto wasitoke kwa mama yao kabla ya wiki 8, hata kama mnunuzi ana haraka na pesa iko mkononi. Hayo mnayajua, napita.

Mama mwenye buldogi, nilikuahidi. Simlaumu mtu kwa mbwa aliye naye. Mtunze, usimtembeze saa 6 mchana, mpunguze uzito. Mbwa hatoki jasho kama sisi, anapoza mwili kwa kuhema, na aliyefupishwa pua mpaka nyama ya koo imejazana nyuma hana pa kuhemea. Hapa Arusha kuna ubaridi kidogo. Wale wanaowapeleka Dar es Salaam na Mombasa mwezi Februari wanawapeleka kwenye adhabu. Uholanzi mwaka 2019 waliweka mstari: mbwa mwenye pua fupi kuliko theluthi ya urefu wa fuvu lake asizalishwe. Uingereza mwaka huohuo walianza kipimo cha kumtembeza mbwa dakika chache na kumsikiliza kooni kabla na baada, kisha kumpa daraja. Kipimo hicho hakihitaji umeme wala maabara. Daktari yeyote mwenye kifaa cha kusikilizia kifua anaweza kujifunza. Kama utataka kumzalisha, mama, njoo kwanza tumsikilize, na nikikuambia hapana, usihamie kwa daktari mwingine.

Sasa niseme kilichonileta. Sikuja kuwaomba mpime kila kitu kesho. Nimekuja na daftari. Liko pale mezani karibu na mlango, na kijana atawapa na nakala za kwenda nazo. Lina safu chache: jina la mbwa na namba yake ya chipu kama anayo, baba, mama, tarehe ya kuzaliwa, picha ya nyonga kama imepigwa na nani kaisoma, tarehe ya kufa, na chanzo cha kifo. Hiyo safu ya mwisho ndiyo ninayoitaka. Basenji waliokolewa na safu hiyo kabla hawajaokolewa na maabara. Vyeti vyetu havina. Vinataja mababu, vinataja ubingwa wao, vinanyamaza walivyokufa, na mimi nasema cheti cha namna hiyo kimeandikwa nusu.

Kama alikufa kwa kugongwa na gari, andikeni gari. Kama alitegewa sumu na wezi, andikeni sumu. Hilo nalo linatusaidia, tunajua kwamba damu haikuhusika. Kama hamjui, andikeni hajulikani, msibuni. Mkiwauzia watu watoto, mwambieni mnunuzi awapigie simu mbwa akiugua, na akipiga, msimkatie. Wanaoogopa jina lao lisionekane, tumekubaliana na mwenyekiti kwamba jina la mfugaji halitasomwa na mtu zaidi ya sisi wawili mpaka wafugaji wenyewe waamue vinginevyo mkutano ujao. Mwenyekiti mwenyewe amekwisha kuandika mbwa wake, pamoja na yule aliyekufa mwaka jana, na amejaza safu zote.

Kuna bwana pale ameinua mkono tangu nilipotaja kalsiamu. Karibu, bwana, anza wewe.